Tambi za uyoga na malai kwenye jiko la moto mmoja

Mvua za kwanza zikishanyesha Tabora, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Novemba, barabara ya kwenda Sikonge hubadilika sura. Wanawake na watoto hukaa kandokando ya lami wakiwa wamepanga ndoo, mabeseni na nyungo zilizojaa uyoga uliochumwa alfajiri, na gari likisimama hata kwa dakika mbili tu, vioo hushushwa na mikono hutoka na noti. Uyoga unaoletwa mjini hufika sokoni asubuhi, na kufikia jioni huwa umeshaanza kulegea na kutoa maji, kwa kuwa uyoga haumsubiri mtu. Kwa hiyo katika miezi hiyo hujikuta mara mbili au tatu kwa wiki nikirudi nyumbani saa kumi na mbili jioni na fungu la uyoga mkononi, nimechoka, watu nyumbani wana njaa, na chakula ninachokitegemea kwa saa hiyo ni tambi za chumvi zilizopikwa kwa uyoga na malai, ule utando wa mafuta unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa.

Nimesema tambi za chumvi makusudi. Katika nyumba nyingi za hapa mjini, ukitaja tambi mtu anafikiria kwanza tambi za sukari, zile zinazokaangwa hadi zigeuke rangi, zikatiwa tui, sukari na iliki, na kuandaliwa wakati wa kufuturu. Shangazi yangu, aliyekuja kukaa nasi majuma matatu akitokea kijijini upande wa Sikonge, aliponiona nikitia kijiko kikubwa cha chumvi kwenye maji ya tambi, alisimama kutoka kwenye kigoda na kuja kuchungulia sufuria.

"Mwanangu, hiyo ni chumvi."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwenye tambi?"

"Za leo ni za mboga, shangazi. Zinakwenda na uyoga."

"Haya," akasema, kwa ile sauti ambayo mtu mzima huitumia anapokuwa amekwisha kukata shauri kwamba atakula ugali kwa jirani.

Sikumlaumu, maana chakula hiki kilinishinda kabisa mara ya kwanza. Nilikuwa nimefuata maelekezo niliyoyaona kwenye simu, yaliyotaka kikombe kizima cha krimu ya pakiti, na kwa kuwa maduka mawili niliyopita siku ile hayakuwa nayo, niliamua kutumia malai ya maziwa yetu ya kila siku. Nilimimina malai yaliyotoka kwenye friji moja kwa moja juu ya uyoga uliokuwa unachemka, nikakamua na ndimu humohumo huku moto ukiwa mkali, kisha nikachochea kwa matumaini. Ndani ya nusu dakika mchuzi ulikatika. Nilipata chembechembe nyeupe zinazoelea katika maji ya kijivu, na tambi zilizokwisha kumwagwa maji zikawa zimeshikana bonge moja kwenye chujio kama kiota. Tulikula kwa sababu chakula hakitupwi, lakini wanangu waliuchambua uyoga na kuuweka ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, kwa adabu.

Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba kosa kubwa la siku ile halikuwa malai, na wala halikuwa ndimu peke yake. Kosa kubwa ni kwamba nilimwaga maji ya tambi kwenye karo. Tambi hutengenezwa kwa ngano, na zinapochemka hutoa wanga ambao huyafanya maji yawe na ukungu na kuteleza kidogo ukiyagusa kwa vidole. Wanga huo ndio unaoyaunganisha mafuta na maji yasitengane, ndio unaozikinga protini za maziwa zisikimbilie kushikana zinapopata moto, na ndio unaoufanya mchuzi ujipake kwenye tambi badala ya kutuama chini ya sahani. Watu wengi hudhani kwamba mchuzi mzito na laini wa namna hii lazima utokane na krimu nyingi, ilhali sahani maarufu ya aina hii huko Roma, ile ya fettuccine iliyompa sifa mwenye mkahawa Alfredo di Lelio mwanzoni mwa karne ya 20, haikuwa na krimu hata tone. Ilikuwa ni tambi, siagi na jibini, vikasukwasukwa pamoja vikiwa moto hadi vikawa mchuzi, na krimu iliongezwa baadaye chakula hicho kilipokwisha kuhamia Marekani. Nilipolijua hilo niliacha kuisaka krimu ya pakiti, na tangu hapo hukinga maji ya tambi kwenye kikombe kabla sijagusa chujio, hata ninapopika chakula kingine, kwa woga tu wa kusahau.

Nianze na uyoga, kwa sababu ndiko fedha inakokwenda na ndiko hatari iliko.

Uyoga unaouzwa kwetu wakati wa mvua ni wa aina nyingi, na kila kijiji kina majina yake, lakini kwa sahani hii ninazipenda aina mbili. Ya kwanza ni uyoga wa manjano unaoota chini ya miti ya miombo, wenye kofia iliyobonyea katikati na mikunjo inayoteremka hadi kwenye shina, na wenye harufu ya mbali inayofanana na tunda. Nyuzi za uyoga huo huizunguka mizizi ya miti kama mtundu na muba, zikaipa maji na madini ya udongo, na mti nao ukazilipa kwa sukari. Ndiyo maana haulimwi bandani, na ndiyo maana mahali ambapo msitu umekatwa kwa ajili ya mkaa au kuni za kukaushia tumbaku, uyoga huo hauonekani tena hata mvua inyeshe namna gani. Ya pili ni uyoga wa kichuguu, ambao mkulima wake ni mchwa. Mchwa huingiza majani makavu na vijiti kwenye vyumba vya chini ya ardhi, wakaulea uyoga juu yake kama bustani, na mvua zinapoanza uyoga huo hutoboa udongo na kutoka nje ukiwa na shina refu linaloshuka chini kama mzizi. Huu una nyama nzito, na mtu akifumba macho anaweza kudhani anatafuna kuku.

Mimi mwenyewe sichumi. Nimezaliwa mjini, na kiburi cha kujua uyoga kwa kusoma nimekiacha kwa wenye maini ya akiba. Nanunua kwa mama mmoja ninayemfahamu, ambaye huniuzia kwa fungu juu ya jani, na mazungumzo yetu, yanayoanza kwa salamu ya Kinyamwezi, hayabadiliki mwaka hadi mwaka.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Leo huu ni wa jana usiku, uguse."

"Umeuchuma wewe mwenyewe?"

"Mimi na mama mkwe wangu. Watoto hawakugusa."

Jibu hilo la mwisho ndilo ninalolinunua. Aina zenye sumu kali kuliko zote duniani ziko katika jamii ya Amanita, na jamii hiyohiyo ina aina zinazoliwa katika misitu ya miombo, kwa hiyo macho yasiyozoea yanaweza kuchanganya ndugu wawili ambao mmoja ni chakula na mwingine ni kifo. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Dalili zake huchelewa, mara nyingi kati ya saa 6 na 24 baada ya kula, na baada ya kutapika na kuhara mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu kwa muda huku ini likiendelea kuharibika. Zile mbinu za kupima kwa kutumbukiza kitunguu saumu au sarafu ya fedha sufuriani, na kuangalia kama vitageuka rangi, hazina msingi wowote, na kuona uyoga umeliwa na konokono hakumaanishi kwamba tumbo la binadamu litaukubali. Nikiletewa uyoga na mtu nisiyemjua, hata kama ni zawadi, napokea, nashukuru, na siupiki.

Kuhusu kuosha, kuna watu wanaosema kwamba uyoga haupaswi kuguswa na maji kwa sababu utayanywa kama sponji. Wanaosema hivyo hawajala mchanga wa Sikonge. Uyoga tayari ni maji kwa sehemu kama tisa kati ya kumi, na hauna nafasi ya kunywa mengi zaidi ukioshwa haraka. Ninachofanya ni kuukwangua udongo wa shina kwa kisu kwanza, kuupitisha kwenye maji mara mbili upesiupesi bila kuuloweka, na kuutandaza juu ya kitambaa safi wakati nikimenya vitunguu. Wa kichuguu nauchana kwa mikono kufuata nyuzi zake, na wa manjano mdogo nauacha mzima. Kukata vipande vyembamba sana ni hasara, kwa sababu uyoga husinyaa ukiiva na vipande hivyo hupotelea ndani ya tambi.

Kwa watu wanne natumia pakiti ya tambi ya gramu 400, uyoga wa nusu kilo, malai nusu kikombe, maziwa fresh yaliyochemshwa nusu kikombe, samli vijiko viwili vya chakula, kitunguu maji kimoja kidogo, punje nne za kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi. Majani ya kotmiri kama yapo. Ndimu nusu.

Sasa jiko. Nina mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa kimoja cha moto juu yake, kama ilivyo kwa nyumba nyingi hapa, na maelekezo ya mapishi yanayoanza na maneno ya kuchemsha tambi huku upande wa pili ukikaanga uyoga hayakuandikwa kwa ajili yangu. Nilipokuwa nikijaribu kuyafuata nilikuwa nachemsha tambi kwanza, kisha zinangoja uyoga, na zikingoja zinashikana. Sasa natanguliza uyoga. Uyoga uliokwisha kukaangwa unaweza kukaa pembeni robo saa bila kudhurika, kwa sababu kuta za chembe zake zimejengwa kwa kitu kigumu cha aina ileile inayofanya maganda ya wadudu, ambacho moto wa jikoni haukivunji. Nyama huwa ngumu ikizidishiwa moto na mchicha huwa uji, lakini uyoga hubaki na utafunikaji wake. Tambi hazina subira hiyo. Kwa hiyo anayengoja awe uyoga.

Kikaango kipate moto kikiwa kikavu hadi tone la maji likidondoshwa liruke. Hapo natia nusu ya uyoga tu, bila mafuta na bila chumvi, nautandaza usilaliane, na ninauacha. Kuuacha ndiyo kazi ngumu kuliko zote, maana mkono wenye mwiko unataka kuchochea. Mwanzoni husikika mlio mdogo wa kukauka, kisha baada ya dakika moja hivi uyoga huanza kutoa maji yake na mlio hubadilika ukawa wa kuchemka, kikaango kizima kikajaa povu la rangi ya chai hafifu, na jikoni kukanukia kama msitu uliotoka kunyeshewa. Mpishi mwenye haraka huingia hofu hapo na kumwaga maji hayo. Yasimwagwe, kwa sababu ladha yote imo humo. Yaachwe yakauke moto ukiwa mkali, na baada ya dakika tatu au nne mlio wa kuchemka hupungua, hunyamaza kidogo, kisha hurudi ule wa kukaanga, mkali zaidi kuliko wa mwanzo. Ukiusikia mlio huo wa pili, tia kijiko kimoja cha samli na chumvi kidogo, geuza, na uone kingo za uyoga zikigeuka rangi ya karanga zilizokaangwa. Nautoa, nakaanga nusu iliyobaki vivyo hivyo, kisha napunguza moto, natia samli ya pili, kitunguu maji kilichokatwa vidogo, na kitunguu saumu mwishoni kabisa, kwa kuwa kikiungua kinatia uchungu chakula chote. Uyoga wote ukirudi kikaangoni, nauepua na kuufunika kwa sahani.

Sababu ya kugawa uyoga mara mbili ni kwamba kikaango kikijazwa, maji yanayotoka ni mengi kuliko moto unavyoweza kuyakausha, na uyoga unachemshwa badala ya kukaangwa. Unakuwa wa kijivu na unateleza, na watoto wanaupanga ukingoni mwa sahani.

Malai ninayakusanya siku mbili au tatu kabla. Maziwa tunaletewa na kijana mwenye baiskeli na madumu mawili, nayo ni ya ng'ombe wa kienyeji, ambao hutoa maziwa machache lakini yenye mafuta mengi. Hayanywewi bila kuchemshwa, kwa kuwa maziwa mabichi hubeba maradhi kama kifua kikuu cha ng'ombe na bruselosi. Yakishachemka naepua, naacha sufuria bila kuifunika kabisa hadi ipoe, na kisha naiingiza kwenye friji usiku kucha. Asubuhi kunakuwa na utando mzito wa rangi ya siagi hafifu, wenye mikunjo, ambao ukiingiza kijiko ukingoni na kuuinua taratibu hutoka kama kitambaa na kudondosha matone mazito. Lita moja hunipa vijiko viwili au vitatu, na ndiyo maana huchukua siku kadhaa kupata nusu kikombe. Maziwa mengi ya pakiti hayatoi malai ya namna hii, kwa sababu kiwandani mafuta yake yamevunjwavunjwa kuwa matone madogo mno yasiyoweza kupanda juu.

Malai hayo yana ngozi ndani yake, tofauti na krimu ya dukani, na yakitiwa hivyohivyo huacha vipande kama karatasi iliyolowa. Nayapiga kwa uma ndani ya bakuli pamoja na maziwa yaliyotiwa joto, hadi yalainike, na kama bado yana vinyuzi nayapitisha kwenye chujio la chai. Hatua hii ni ya dakika mbili, na niliidharau kwa mwaka mzima.

Uyoga ukiwa pembeni, sufuria ya maji inaingia motoni. Umeme ukiwapo nachemsha maji kwanza kwenye birika la umeme ili kuokoa gesi. Vitabu huagiza lita moja ya maji kwa kila gramu 100 za tambi, lakini mimi natumia lita mbili na nusu tu kwa pakiti nzima, nikichochea mara kwa mara dakika mbili za mwanzo zisishikane, kwa sababu maji yakiwa machache wanga wake unakuwa mwingi, na wanga ndio ninaoutaka. Chumvi ni kijiko kimoja cha chakula. Jambo lingine linalosahaulika ni kwamba Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye takriban nyuzijoto 96 badala ya 100. Tambi zilizoandikwa dakika 9 kwenye pakiti kwangu huchukua 10 au 11, na ndugu yangu wa Tanga aliyenicheka kwa kuchelewa nilimweleza kwamba yeye anapikia ufukweni. Pakiti iliyoandikwa kwamba imetengenezwa kwa ngano ngumu, ile inayoitwa durum, huvumilia zaidi. Za bei ya chini hulainika ghafla, na ukigeuka kumjibu mtu mlangoni unarudi kukuta uji.

Natoa tambi dakika mbili kabla hazijaiva sawasawa, zikiwa bado na kiini kigumu kidogo ukiuma, na kabla ya kuzichuja nakinga vikombe viwili vya maji yake. Kikaango kinarudi kwenye moto wa wastani. Nusu kikombe cha maji ya tambi kinaingia kwanza, na hapo mwiko ukikwangua chini ya kikaango, zile rangi za kahawia zilizoganda wakati wa kukaanga uyoga huyeyuka na kuyapaka maji rangi. Tambi zinafuata, zinageuzwa kwa kunyanyuliwa na kuachiwa, kwa dakika moja hivi, zikimalizia kuiva ndani ya mchuzi. Ndipo napunguza moto hadi mwisho na kumimina malai yaliyolainishwa, kidogo kidogo, huku nikiendelea kugeuza bila kupumzika. Katika sekunde kama thelathini za kwanza huonekana kama kwamba mambo yameharibika, mchuzi ukiwa mwepesi na umetuama chini. Kisha ghafla unashika, unakuwa na ung'avu, na ukiburuta mwiko chini ya kikaango unaacha njia inayojifunga polepole. Ukiwa mzito mno, ongeza maji ya tambi kijiko kimoja kimoja. Uepue ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka mezani, kwa maana tambi zinaendelea kunywa hata baada ya kupakuliwa.

Ndimu inaingia baada ya kuepua, matone machache tu, pamoja na pilipili manga iliyopondwa hapohapo kwenye kinu na kotmiri. Asidi ya ndimu pamoja na moto ndivyo vinavyozifanya protini za maziwa zigandamane. Moto ukishaondoka na wanga ukiwa umekwisha kufanya kazi yake, ndimu haina madhara, na bila hiyo ndimu chakula kinakuwa kizito kinywani baada ya uma wa tano. Jibini nikiwa nayo nakwaruza kidogo, nisipokuwa nayo siisikitikii. Niliwahi kujaribu kutia karanga za kusaga, kwa kuwa uyoga kwa karanga ni mboga yetu ya siku zote na nilidhani ingekuwa heshima kwa pande zote mbili, lakini karanga ziliyameza malai na uyoga pamoja, na nikapata tambi zenye mchuzi wa karanga. Karanga ziendelee na ugali.

Nje ya msimu natumia uyoga wa mamama, ule mweupe au wa kijivu unaooteshwa kwenye mifuko yenye mabua ya mpunga au pumba za pamba, na unaopikika vizuri ukichanwa kwa mkono. Wa kopo hufaa siku za shida, ila uchujwe na ukamuliwe, na usitegemee ule mlio wa pili kikaangoni kwa sababu hauna tena ladha ya kuokoa.

Shangazi hakwenda kula ugali kwa jirani siku ile. Alipakuliwa kidogo kwa heshima, akazungusha tambi kwenye uma kwa mashaka, akaonja, akanyamaza, akaokota kipande cha uyoga kwa vidole na kukiangalia kwenye mwanga wa taa. "Huu wa kichuguu umeujua kuuchana," akasema, "lakini umeukosesha kitu. Ungekuwa mkavu ungenukia hadi barabarani." Kisha akasukuma sahani mbele ili aongezewe. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni akipasha kiporo kwa kijiko cha maziwa na moto mdogo, namna ileile ambayo mimi ningempa maelekezo kama angeniuliza.

Kuhusu uyoga mkavu alikuwa sahihi. Uyoga ukikaushwa ladha yake hukolea, na zile chembe zinazoupa utamu wa mchuzi wa nyama huongezeka, kiasi kwamba konzi moja ya uyoga mkavu inatosha mahali pa nusu kilo ya mbichi. Majuma mawili baada ya shangazi kuondoka, kondakta wa basi la Sikonge alinipigia simu nikachukue mzigo wangu stendi: mfuko wa sandarusi uliofungwa mafundo matatu, ndani yake uyoga uliokaushwa juani ukawa mwepesi kama maganda ya kitunguu. Naloweka kiasi cha kiganja kimoja katika maji ya moto kwa nusu saa, nayachuja maji hayo kwa kitambaa ili mchanga ubaki, na kuyatumia badala ya nusu ya maji ya tambi. Mchuzi unatoka wa rangi ya udongo wa mbuga na hauvutii kwenye picha. Wanangu sasa hawaachi kitu ukingoni mwa sahani, na mfuko umebaki robo.